Shikamoo Kabla ya Filimbi

Watu wawili wamekigombania kichwa changu kwa miaka mitatu, na hawakuwahi hata siku moja kukaa pamoja wakaelewana. Mmoja ni mama yangu, ambaye tangu nipate akili ananiambia nikiinamishe. Mwingine ni kocha wangu wa mieleka, ambaye kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi ananipigia kelele nikiinue. Mimi nipo katikati, na anayeumia ni mwenye shingo.

Nieleze kwanza nilivyo. Mimi ni fundi cherehani, Temeke, kwenye kibaraza cha nyumba tunayopanga mimi na mama. Nina miaka ishirini na minane na ni mrefu kuliko wanaume wengi wa mtaani kwetu. Mwanamke mrefu hujifunza mapema kujikunja, maana ukisimama wima unaambiwa unaringa. Cherehani nayo haisaidii. Kuanzia asubuhi mpaka alasiri kidevu kipo kifuani, macho kwenye sindano. Wateja wangu nawajua kwa migongo yao kuliko kwa sura. Mwanamke aliyepinda ukimshonea gauni kwa kipimo cha kawaida, pindo la nyuma linapanda na la mbele linafagia chini, kwa hiyo kipande cha nyuma lazima ukikate kirefu zaidi. Magauni yangu mwenyewe nayaongeza inchi moja na nusu. Kwa hiyo kwamba nimepinda nilikuwa najua, sikuhitaji mtu wa kuja kunitangazia.

Lakini alikuja. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa bara, mwenye sauti ya kuita watoto walio uwanja wa pili. Alileta turubai nimshonee la kufunika magodoro, akasema ana ukumbi nyuma ya shule ambako jioni anafundisha mieleka, wanaume kwa wanawake. Nilidhani ananitania. Nikaenda kupima magodoro, nikawakuta kweli wanawake sita wanaangushana, na mmoja wao akanivuta mkono kwa mchezo. Sijui nilifanya nini, ila nilishtukia yeye yupo chini na mimi nimesimama. Ilikuwa mara ya kwanza urefu wangu kunisaidia kitu zaidi ya kushusha masanduku kabatini. Turubai nililishona, na tangu hapo nikawa nalikanyaga.

Raha ikaishia siku hiyo hiyo, maana kesho yake kocha alianza habari ya kichwa. Kwake mieleka yote ni kichwa na mgongo, mengine ni mapambo. Piga magoti kidogo, kiuno kishuke, mgongo unyooke, kichwa juu, macho mbele. Usiiname kwa kiuno, kunja magoti. Mkishikana, paji la uso wako liweke kwenye panja la mwenzako, hapo pembeni ya jicho, ukandamize, ili yeye ndiye ageuke pembeni na wewe ndiye uone mbele. Anayeangalia chini anakwenda chini. Mwenzako akikushika ukosi, hapo nyuma ya shingo, na kichwa chako tayari kimeinama, hana kazi, anamalizia tu safari uliyoianza mwenyewe.

Nikimsikiliza naelewa. Nikisimama kwenye turubai kichwa kinashuka chenyewe. Alikuwa na rula ndefu ya ubaoni, ya mbao, anaipachika mgongoni mwangu iguse kisogo, mabega na kiuno, halafu ananiambia nitembee mbele na nyuma isidondoke. Ilidondoka kwa miezi. "Binti, unatafuta nini chini? Umeangusha sindano?" Ananiita binti na miaka yangu yote hii. Wenzangu wanacheka. Kuna siku niliichukua ile rula nikaenda nayo nyumbani kwa hasira, nikaitumia kukatia marinda, na kesho yake nikairudisha nikiwa na aibu yangu.

Sasa mama. Sisi ni watu wa kusini, na msichana wa kwetu akiingizwa ndani kufundwa anatoka na mengi. Mengine hayasemwi nje, lakini hili la macho si siri, kila mtu analiona. Mkubwa unampigia goti, unamwamkia, unaangalia miguu yake mpaka akuruhusu kuondoka. Kumkodolea macho mtu mzima ni utovu wa adabu, na kumkodolea macho mzazi ni zaidi ya hapo. Mashangazi zangu nawajua kwa miguu. Nikikutana nao sokoni wamevaa viatu vya kufunika, huenda nikawapita.

Kwa mama, mieleka haikuwa mchezo bali matangazo ya kwamba hakulea. Suruali aliivumilia, kushikana na watu hadharani akakuvumilia kwa shingo upande, lakini kile kichwa juu hakukipenda kabisa. Nikirudi mazoezini nikiwa bado nimejinyoosha, ananiambia kwa upole wake ule unaokera kuliko kugombezwa: "Shusha uso, mwanangu, watu wanapita." Nikishusha, Alhamisi kocha anapiga kelele. Nikiinua, Alhamisi usiku mama anaguna. Wangeweza kabisa kunikata vipande wakagawana.

Mwaka huu ukaja mchujo wa timu ya mkoa, ya kwenda kwenye mashindano ya taifa. Katika uzito wangu palikuwa na nafasi moja. Mara mbili zilizotangulia niliikosa, na mara zote mbili niliikosa nikiwa nimeshikwa ukosi. Mama akaniweka kitako. Akasema cherehani inalala mapema mara tatu kwa wiki, majirani wanasema, na umri wangu si wa kuviringishana na watu. "Mara hii nenda," akasema. "Ukichukuliwa, mie sina neno tena mpaka nakufa. Ukikosa, unaacha. Tumeahidiana?"

Nikiwa nimepiga goti, nikiangalia vidole vyake vya miguu, nikasema tumeahidiana. Halafu akasema na yeye atakuja kuangalia. Hakuwahi kuja hata mara moja, na sasa alichagua siku ile.

Mchujo ulifanyika kwenye ukumbi mmoja huko Mbezi. Mama alitaka kiti cha mbele kabisa, karibu na magodoro, akajifunika kanga yake na kufungua karanga. Mimi nikaenda kwenye foleni ya mizani, na aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni ndiye mpinzani wangu. Nilikuwa nimesikia tu kwamba ni wa Boko na kwamba ni mkongwe. Sikuambiwa kwamba ni mama mtu mzima, wa miaka arobaini na mitano hivi, kasuka twende kilioni, na pembeni mwa macho, pande zote mbili, ana mvi.

Akageuka. Mdomo wangu haukuniuliza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Nyumbani wazima? Mama yupo?"

"Yule pale."

Na kweli akatoka kwenye mizani akaenda kumsalimia mama. Wakashikana mikono, wakaulizana habari, wakacheka. Mama akampa karanga. Nilisimama pale na fulana yangu ya mashindano nikitazama mambo yangu yanavyoharibika.

Kocha alikuja mbio. "Umemwamkia yule?"

"Nimemwamkia."

"Kwa nini?"

"Kocha, ni mtu mzima. Ningempita kimya kama mbuzi?"

"Ungempa mkono. Ungemwambia mambo."

"Mama mwenye mvi nimwambie mambo?"

Alijishika kiuno akaangalia paa la ukumbi kwa muda. Kisha akaniambia polepole, kama anayemfundisha mtoto kujumlisha, kwamba ukishamwamkia mtu na akakuitikia, yeye ameshakuwa mkubwa na wewe umeshakuwa mtoto, na mtoto hamwangushi mkubwa. Niliudhika kwa sababu alikuwa anasema kweli, na kwa sababu hata sasa nikirudishwa kwenye ile foleni nitaamkia tena.

Filimbi ikapulizwa. Tukashikana, na pale ambapo paji la uso wangu lilitakiwa kukaa palikuwa na zile mvi. Nikaziangalia. Sikuweza. Nikaweka kichwa begani kwake, kwa adabu, kama mtu anayepewa pole msibani. Alinishika ukosi akanivuta, nikaenda kama nguo inavyoshuka kwenye kamba. Pointi mbili. Tukaanza tena, akanivuta tena. Mbili nyingine. Kocha alikuwa anapiga turubai kwa viganja, anapiga kelele kichwa, kichwa, kichwa, mpaka refa akamwonya.

Tulipopewa mapumziko ya nusu dakika kocha akanimwagia maji usoni. Hakunishauri chochote kuhusu miguu wala mikono. "Nisikilize. Yule si mama yako. Mama yako amekaa pale anakula karanga. Yule anataka kiti chako kwenye basi. Mwekee kichwa."

Sijui ni maji au ni hasira za mwaka mzima. Raundi ya pili niliposhikana naye, nilishusha kiuno, nikanyoosha mgongo, nikainua kichwa nikakipachika pale pale kwenye mvi. Nikakandamiza. Mara moja kila kitu kikabadilika. Uso wake uligeukia pembeni, akawa anaangalia ukutani, na mimi naangalia mbele. Mkono wake ulitafuta ukosi wangu ukakuta shingo imesimama kama nguzo ya uzio. Alirudi nyuma hatua moja, mbili. Nikamfuata. Nikamdaka mguu mmoja, nikamlaza, pointi mbili. Tukasimama, nikamwekea tena, nikamsukuma mpaka nje ya mstari, pointi moja. Tatu kwa nne. Zilibaki sekunde kama ishirini, na alikuwa anarudi nyuma tena kuelekea mstari. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu nilijua ninachokifanya. Nilikuwa nimenyooka. Sikuwa na aibu ya urefu wangu.

Akaguna. "Aah," akasema, pumzi ndefu ya maumivu, karibu kabisa na sikio langu.

Na mimi, mtoto wa watu, nikainua paji langu kutoka kwenye panja lake, nikainamisha kichwa, nikasema, "Samahani mama."

Sikumaliza neno la pili vizuri. Mkono ulikuwa umeshafika ukosini, turubai likaja usoni, nikapinduliwa, mabega yote mawili yakagusa chini. Refa akapiga kiganja. Nililala pale nikitazama mabati ya paa, na jambo la kwanza lililonijia si huzuni. Nilijiona mpumbavu, na nikatamani kujizaba kibao. Kocha alikusanya taulo na chupa ya maji akatoka nje, na hilo lilinichoma kuliko kelele zake zote.

Mama alikuwa anang'aa. Alinishika mkono mbele za watu. "Leo umenitoa kimasomaso," akasema. Mtaani aliisimulia nyumba hadi nyumba: mwanangu kaangushwa, lakini kaangushwa na adabu zake. Majirani walikuja kibarazani kunipongeza. Mmoja alileta kitambaa cha sare, akisema anataka ashonewe na mtu mwenye heshima. Nilikuwa nimepoteza kitu pekee nilichokitaka, na watu wananipa mkono kama niliyefunga ndoa. Nilikuwa najibu ahsante kwa meno yaliyobanana.

Nikaacha mazoezi, kama tulivyoahidiana. Wiki mbili nilikaa na cherehani kuanzia asubuhi hadi magharibi, kichwa chini, na hakuna aliyenipigia kelele. Ningetamani apite mtu anipigie.

Halafu mama akapata wazo. Yule mwenzake wa Boko, walishapeana namba na wanapigiana simu, anasafiri na timu Jumatatu, nimshonee dera la safari. Nilidhani sikusikia vizuri. "Mie nimshonee dera? Aliyeniangusha?" Mama akasema kuangushwa ni mchezo tu, utu haugombi. Nikashona. Nilikata kwa kukumbuka mwili wake mikononi mwangu, na ule mgongo haukuhitaji hata robo inchi ya nyongeza. Kila mshono niliutia kwa chuki, na lilitoka zuri, jambo ambalo pia liliniudhi.

Jumatatu asubuhi nikalipeleka stendi, Mbezi Luis. Nilimkuta amekaa juu ya begi lake na wenzake wa timu. Alilifungua dera, akalishika begani, akanishukuru sana, kisha akanivuta pembeni.

"Nikuulize kitu, mwanangu. Siku ile kichwa chako kiliniuma siku nne. Hapa pembeni, hata kutafuna nilikuwa siwezi. Hajawahi mtu kuniweka vile. Sasa kwa nini uliniachia?"

"Uliumia. Uliguna."

Akanitazama kama haamini. "Mie nagunaga tu. Nikishikwa vizuri nagunaga, ndo nilivyo, waulize hawa. Mtu akiguna ndo unakandamiza, huombi msamaha." Akatikisa kichwa. "Nilikuwa nishachoka. Nilikuwa natoka nje ya mstari mie."

Basi likaondoka na nafasi yangu ndani yake. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nazungumza peke yangu, najijibu, naanza upya. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia kocha kwa kutonifundisha mapema watu wanavyoguna, nikamkasirikia mama zaidi ya wote. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshaamua.

Mama alikuwa mkekani kibarazani, ungo mapajani, anachagua mchele.

"Kalipenda?" akauliza.

"Kalipenda. Mama, Alhamisi narudi mazoezini."

Mikono ikasimama. "Tuliahidiana."

"Tuliahidiana, na mimi naivunja ahadi."

Sikupiga goti. Sikuangalia miguu. Nilisimama mbele yake na urefu wangu wote, nikamtazama usoni moja kwa moja, na nikangoja aone nilivyokosa adabu. Lakini mama hakukasirika. Alikuwa amegeuza uso pembeni kidogo, kama mtu anayesikiliza jirani nyuma ya ukuta.

"Mbona umenyamaza?" akauliza.

"Nakuangalia."

Na nilikuwa namwangalia kweli. Jicho lake la kushoto lilikuwa na utando. Mboni ilikuwa imeingiwa na weupe kama maji yaliyooshewa mchele, na la kulia nalo lilikuwa limetanda ukungu. Nimelala nyumba moja na mwanamke huyu maisha yangu yote.

"Mama, hilo jicho tangu lini?"

"Lipi?"

"La kushoto."

Vidole vikarudi kwenye mchele, vikipapasa punje moja moja. "Tangu mfungo wa mwaka juzi. La kulia limefuata mwaka huu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniangalia ungeona."

Nikakaa chini palepale kwenye sakafu. Sitadanganya kwamba nilimwonea huruma, huruma ilikuja baadaye. Kwanza nilishikwa na hasira ambayo sikujua niitupe wapi. Yeye ndiye aliyenifunza nisimtazame, akanifunza vizuri, nikafuzu, na sasa ananilaumu kwa kufuzu. Nilifungua mdomo nimwambie hivyo. Kisha nikakumbuka kile kiti cha mbele.

"Siku ile ukumbini," nikasema, "uliona nini?"

"Vivuli. Watu wanakwenda na kurudi." Akapuliza makapi kwenye ungo. "Nilikusikia unamwamkia mwenzio. Halafu vishindo vingi. Halafu nikakusikia unamwomba samahani. Hayo ndiyo niliyoyapata."

Nikamwambia kesho asubuhi tunakwenda hospitali, na Alhamisi nakwenda mazoezini, na kwamba katika hayo mawili hakuna la kujadili. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Alifikiri kidogo, uso wake bado umegeuka pembeni.

"Haya," akasema. "Lakini siku nyingine nikija, unikalishe na mtu wa kunisimulia."